Sauti Zilizorudi Mbichi: Tunamuaga Bwana Gaffar

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya sala ya Ijumaa na baada ya biriani ambayo kamati imeahidi na ambayo tutaisadiki tukiiona sahanini, Bwana Gaffar Ismail Khatri atafunga mlango wa chumba cha uhariri cha Redio Ndia Kuu na kumkabidhi meneja ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na sita ya utumishi. Aliajiriwa tarehe mosi Novemba 1999, siku moja baada ya redio yetu kuingia hewani, na wenzake wa enzi zile hawakuacha kumtania kwamba mtu wa sauti ndiye aliyechelewa kusikia.

Kamati iliniomba mimi, Mirriam Mbodze, niandike wasifu wake kwa jarida letu kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja kwa miaka kumi na mmoja. Waliomba ukurasa mmoja. Nimezidisha, na mwenye kulalamika na aje anionyeshe ni kipi cha kuondoa. Waliomba pia uwe wasifu wa kuchangamsha. Hapo nitajitahidi, lakini sitaahidi, kwa kuwa Jumatatu inayofuata nitaingia chumba kile peke yangu na sijui nitaanzia wapi.

Bwana Gaffar ni mtoto wa Ganjoni, mtaa wa hapa Mombasa. Alizaliwa huko mwaka 1965, akasoma huko, na huko ndiko anakoishi hadi leo, ghorofa ya tatu. Ujana wake ulipita kwenye duka la ami yake, Barabara ya Biashara, katikati ya maduka ya leso, ambako ami aliuza kanda za taarabu na za mawaidha. Kanda zilizotafunwa na redio zililetwa pale kama wagonjwa. Kijana Gaffar alizifungua kwa bisibisi, akakata kwa wembe kipande kilichojikunja, akaunga ncha mbili kwa ukanda wa gundi. Inasemekana aliunga kanda za mawaidha kwa ustadi hata shehe mwenyewe, alipojisikiliza, hakujua ni wapi alipokatizwa. Alama ya wembe ule iko kwenye kidole gumba chake cha kushoto, na kila mwanafunzi aliyekuja kwetu kujifunza kazi ameonyeshwa, atake asitake.

Redio yetu ilipoanza, hapa juu ya duka la vinyago, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu, ilikuwa na maikrofoni mbili, kuta zilizobandikwa trei za mayai, na watangazaji wengi wenye maneno mengi. Hakukuwa na mtu wa kuyapunguza. Bwana Gaffar akawa mtu huyo. Kwa miaka sita alikata kanda kwa wembe, akizitundika vipandevipande kwenye kamba ya nguo iliyofungwa dirisha hadi mlango, na upepo wa bahari ulipoingia, taarifa ya habari ilipeperuka ikachanganyika na salamu za wasikilizaji.

Mwaka 2005 ikanunuliwa kompyuta ya kwanza ya kuhariri sauti, pamoja na programu yake. Programu ile ilikuwa na jina refu la kigeni ambalo kila mtu alilitamka kivyake. Picha yake kwenye kioo ilikuwa mkasi uliofunguka, basi ikaitwa Mkasi, na Mkasi likawa ndilo jina lake. Bwana Gaffar alijifunza kuitumia kwa majuma matatu, kitabu cha maelezo mezani na kamusi ya Kiingereza mapajani. Tangu siku hiyo kamba ya nguo ilishushwa. Nadhani hakuisahau, maana msumari wake hajaung'oa hadi leo.

Jambo moja kuhusu Mkasi lazima lieleweke, kwa sababu kila kitu nitakachosema mbele kimekaa juu yake. Mkasi haukukata sauti yenyewe. Sauti uliyorekodi ilibaki nzima kwenye diski, na Mkasi uliandika pembeni, katika faili lake wenyewe, anzia hapa, ruka pale, punguza hapa, unga kule. Ukibonyeza, ulisikia kipindi kilichokwisha kukatwa. Lakini faili lile la maagizo lilisomwa na Mkasi tu. Programu nyingine yoyote ililitazama ikalipita, kama mtu anayepita msibani asiyemjua marehemu.

Kwa Mkasi huo Bwana Gaffar alitengeneza kazi ya maisha yake, kipindi cha Nyumba kwa Nyumba. Kuanzia 2006 hadi 2018 alitia kinasa sauti kwenye kikapu cha ukindu akaingia nyumba za Mji wa Kale, Kibokoni, Kuze na Mkanyageni, akaketi na wazee wakamsimulia kazi zao, harusi zao, mvua walizoziona, majirani waliohama. Kila Jumatano baada ya alasiri watu walinyamaza majumbani wakasikiliza. Vilikuwa vipindi mia sita na kumi na viwili. Katika vyote hivyo hutamsikia Bwana Gaffar hata mara moja. Maswali yake aliyaondoa yote, mpaka ukadhani mzee yule anasema na wewe, jikoni kwako, bila mtu kati yenu. Wanaoijua kazi wanajua ugumu wake. Mwaka 2011 kipindi kilipata tuzo, na yeye hakwenda kuipokea. Alisema ana mzee wa kumhariri.

Alikuwa na sharti moja ambalo kila aliyefanya kazi naye amelisikia. Siku yangu ya kwanza, mwaka 2014, nilipewa mahojiano ya msukuma mkokoteni wa pale Feri. Nikataka nionekane hodari, nikasafisha pumzi zote, kila aliposita kuhema nikafuta. Bwana Gaffar alisikiliza, akavua visikizi, akaniambia kwa upole:

"Pumzi ya mtu si takataka, Mirriam."

Kisha akanirudishia kazi. Nilizirejesha pumzi za msukuma mkokoteni moja baada ya moja hadi adhana ya Magharibi, na nilipomaliza yule bwana akawa mzima tena. Sijafuta pumzi ya mtu tangu siku ile. Lakini sikujiuliza, mimi niliyejifanya mwerevu, pumzi za Bwana Gaffar mwenyewe zilikwenda wapi.

Sasa tuje kwenye saa. Kampuni iliyotengeneza Mkasi ilifungwa mwaka 2010. Hilo lisingetusumbua, ila Mkasi ulitaka ruhusa mpya kila mwaka kutoka kwa kampuni hiyo, na kampuni haipo. Watu wengine wangenunua programu mpya. Bwana Gaffar aligundua kwamba Mkasi hauangalii mwaka wa dunia, huangalia mwaka wa kompyuta. Basi kila asubuhi, kabla ya kuvua viatu, aliiwasha kompyuta akairudisha tarehe 5 Aprili 2010, siku ambayo ruhusa ya mwisho ilikuwa bado hai. Kwa miaka kumi na mitano pembe ile ya chumba chetu ilikuwa tarehe 5 Aprili 2010. Mkewe, marehemu Kaneez, alifariki mwaka 2013, na kuna siku nilipiga hesabu nikaona kwamba kwenye pembe ile bado yu hai, na ni bora nisiseme.

Uungwana wa kuiazimisha kompyuta hiyo ndio uliotuponza. Siku ya kwanza ya Ramadhani ya 2023, kompyuta inayorusha adhana iligoma. Bwana Gaffar akaitoa ya kwake ishike zamu jioni ile. Nayo ilipiga hesabu ya nyakati za sala vizuri kabisa, isipokuwa ilipiga ya tarehe 5 Aprili, na mwishoni mwa Machi jua la Mombasa huchelewa kidogo kutua kuliko Aprili. Adhana ya Magharibi ikatoka hewani dakika nne kabla ya wakati. Misikiti yote iliyotuzunguka ilikuwa kimya, na redio yetu peke yake ndiyo iliyokuwa ikiadhini. Meneja wetu, Bwana Shahid, tende ilikuwa imeshapita koo. Mimi sikuwa nimefunga, lakini nilikuwa nimeketi na waliofunga, na sijapata kuona watu wazima wakitazamana vile.

Bwana Gaffar hakutuma mtu. Aliingia studio mwenyewe, akawasha maikrofoni, akasema adhana ile ilikuwa ya makosa, makosa ni yake, na aliyefuturu kwa kuifuata alipe saumu ya siku hiyo baada ya Idi. Yeye mwenyewe aliilipa yake. Kwa miezi mingi kila alipopita Ndia Kuu watu walimwamkia, wakaongeza kumuuliza leo tarehe ngapi. Alicheka nao. Hiyo ndiyo mara pekee sauti ya Bwana Gaffar ilipita hewani kwa miaka ishirini na sita, na ilikuwa ya kuomba radhi.

Januari mwaka huu zikaja kompyuta mpya, nyembamba, za kimya. Bwana Shahid alitangaza kwa adabu zote kwamba chumba cha uhariri kitapangwa upya ifikapo mwisho wa Oktoba, na kitakachokuwa bado ndani ya kompyuta ya zamani kitaondoka nayo. Na ndani ya kompyuta ya zamani ndimo ilimokuwa Nyumba kwa Nyumba nzima. Enzi zile nafasi ya kuhifadhi ilikuwa haba. Nakala kamili ya kila kipindi ilifutwa baada ya marudio ya Jumamosi, kwa kuwa Mkasi ungeweza kukitoa upya wakati wowote. Wazee wengi katika vipindi hivyo wameshatangulia mbele ya haki. Jamaa zao huja mara kwa mara kuomba wasikie sauti ya mama, ya babu.

Tukamwita Fairuz, fundi wa kompyuta mwenye kibanda chake karibu na soko la Marikiti, mwanamke asiye na maneno mengi na anayechaji kwa haki. Kwanza alijaribu kuuweka Mkasi kwenye kompyuta mpya. Mkasi ukakataa, ukasema haujui mahali hapa. Siku ya pili akatengeneza kompyuta ndani ya kompyuta, kitu cha ajabu, dirisha dogo ndani ya kioo ambamo dunia ilikuwa bado ya zamani. Akairudisha tarehe, 5 Aprili 2010. Picha ya mkasi ikafunguka na sote tukapiga makofi. Halafu yakatokea maandishi kwamba ruhusa hii ilitolewa kwa kompyuta nyingine. Makofi yakaisha. Fairuz akatueleza kwamba Mkasi umejifunga na mashine yake ya kwanza, na mashine ile ikifa, nao umekufa.

Lakini akatupa njia. Mashine ilikuwa bado hai, basi Mkasi uamriwe kutoa vipindi vyote mfululizo katika faili za kawaida ambazo kompyuta yoyote itazisoma. Kazi ya siku mbili, alisema, mtu hana haja hata ya kuketi hapo.

Bwana Gaffar alikataa. Alisema hajawahi kutoa kazi ambayo hajaisikiliza hadi mwisho, na hataanza uzeeni. Atavitoa kimoja kimoja, na kila kimoja atakisikiliza. Fairuz alinitazama. Nami nilimtazama Bwana Gaffar, nikadhani ni ukaidi wa fundi mkongwe, nikacheka, Mungu anisamehe.

Akaanza tarehe 3 Februari. Kipindi kimoja kwa siku, alasiri, kazi za siku zikiisha. Alijimiminia chai ya rangi kutoka chupa yake, akavaa visikizi, akafumba macho. Mara nyingine alitikisa kichwa kama anayekubali jambo. Mara nyingine alicheka bila sauti, nami nikaendelea na kazi yangu upande wa pili wa meza. Yeyote aliyesoma darasa la nne angeona kwamba kipindi kimoja kwa siku hakifiki mia sita na kumi na viwili kabla ya Oktoba. Nilimwambia hivyo mwezi wa Aprili. Alinijibu kwamba kesho atatoa viwili. Kesho yake alitoa kimoja.

Tarehe 19 Agosti aliiwasha kompyuta na haikuwaka. Miaka ishirini ya hewa ya chumvi imekula mabati yake, alisema Fairuz alipoifungua, na hakuna la kufanya. Vipindi vilivyokwisha kutolewa vilikuwa mia moja na arobaini. Vilivyobaki ni mia nne na sabini na viwili.

Diski ilipona. Fairuz aliichomoa, akaiunganisha na kompyuta mpya, na sauti zote zikaonekana, jina kwa jina, mwaka kwa mwaka. Nilifurahi nikamkumbatia. Bwana Gaffar alivaa visikizi, akafungua moja kwa programu mpya, akasikiliza kidogo, akavivua, akavitundika kwenye ule msumari wa kamba ya nguo.

"Zimerudi mbichi," alisema.

Yaani sauti zilikuwapo zote, lakini maagizo ya Mkasi hayakusomeka. Kila alichokiondoa kwa miaka kumi na miwili kilikuwa kimerudi, vikohozi, vikombe, honi za tuktuk, na yeye mwenyewe akiuliza maswali. Aliniomba nisizifungue mpaka azikate upya, nikamwahidi. Ilikuwa imebaki miezi miwili na siku chache, na sote wawili tulijua.

Baada ya hapo alibadilika. Mtu ambaye hakuwahi kutoka kabla ya Magharibi akawa saa kumi imepiga ameshachukua chupa yake ya chai na kwenda zake. Kazi zake za kila siku zilikamilika kama kawaida, lakini alasiri kiti kilikuwa kitupu. Hilo lilinitisha kuliko kufa kwa kompyuta, na sikujua namna ya kumuuliza. Miaka kumi na mmoja tumeulizana hali za kazi tu.

Katikati ya Septemba nililetewa karatasi zake za kustaafu ili azitie sahihi, nikazipeleka Ganjoni. Nilikuwa sijawahi kufika kwake. Alinikaribisha kwa heshima, akaniketisha. Sebule ilikuwa safi mno. Kulikuwa na kabati la vioo limejaa seti ya vikombe vya marehemu Kaneez, limefungwa, na kwenye ubao wa kukaushia vyombo kulikuwa na kikombe kimoja. Alikiosha akanitilia chai. Yeye alinywea kifuniko cha chupa. Alisema binti yao, Areeba, yuko ughaibuni, Leicester, na hupiga simu Jumapili. Siku ile ilikuwa Jumanne. Alitia sahihi mahali pote panapotakiwa, akanishukuru kwa kupanda ngazi, nami nikashuka.

Asubuhi yake nilivunja ahadi. Nilifungua faili la kwanza lililonijia mbele, Bi Mwanaesha, Kibokoni, 2014. Bi Mwanaesha alikuwa mtunga kofia mashuhuri, zile za kushonwa kwa sindano. Alifariki mwaka 2019. Nilisikia birika likichemka, paka, mwongoza watalii akipita nje na Kitaliano chake. Nikasikia sauti ya mwanamume, ya chini, yenye adabu, ikiuliza kofia ya kwanza aliitunga kwa ajili ya nani. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni Bwana Gaffar. Bi Mwanaesha akaeleza, akaeleza sana, halafu akasita. Na hapo akauliza yeye:

"Na wewe, mwanangu, ukenda kwako jioni wasema na nani?"

Hakujibiwa. Nilitazama saa ya programu. Sekunde kumi na moja za birika na paka. Kisha Bwana Gaffar akauliza kofia moja huchukua siku ngapi kuitunga, na mazungumzo yakaendelea.

Nilifungua nyingine, na nyingine. Kila nyumba walikuwa wakimuuliza. Umekula? Mtoto hajambo? Mwaka wa 2013 na wa 2014 walimpa pole ya Kaneez, mzee mmoja akamwombea dua nzima. Miaka kumi na miwili watu walikuwa wakimkaribisha na kumuuliza hali, naye akirudi hapa akiyaondoa yote, akiwaachia wao kila pumzi.

Alipotaka kuondoka siku ile nilimwomba aketi. Nilimwambia nimevunja ahadi na nitakubali lawama, lakini kwanza asikilize. Nikabonyeza. Bi Mwanaesha alipofika kwenye swali lake, Bwana Gaffar aliinua mkono kwa mazoea, kama alivyoniinulia mara elfu.

"Kata hapo."

"Sikati, Bwana Gaffar."

Akateremsha mkono. Sekunde zile kumi na moja zikapita, ndefu kuliko taarifa ya habari ya saa moja. Nikaisimamisha sauti kabla hajauliza habari za kofia. Alikuwa anakitazama kioo, ile orodha ya majina, Kibokoni, Kuze, Mkanyageni.

"Nasema na hawa, Bi Mwanaesha," alisema, polepole, kwa mtu aliyekufa miaka sita iliyopita.

Ndipo nilipoelewa kwa nini alizikataa siku mbili za Fairuz. Alasiri ilikuwa saa yake ya kuketi na watu, na alikuwa amebakiwa na mia sita na kumi na wawili. Fairuz angemmalizia wote kwa siku mbili. Alilia kidogo. Mimi nililia zaidi yake, na kama jarida hili haliruhusu kusema hivyo basi litafute mwandishi mwingine.

Tulikunywa chai yake. Nilimwomba vipindi vile virushwe vikiwa vibichi, kama vilivyo. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akasema mradi wenye nyumba wakubali. Bwana Shahid amekubali pia, na mashine ya zamani imeruhusiwa kwenda zake bila sauti hata moja ndani yake. Jumatano ya tarehe 5 Novemba, baada ya alasiri, Nyumba kwa Nyumba itarudi hewani, na safari hii mtasikia watu wawili.

Mafanikio yake mengine yamo kwenye faili la utumishi na sitayarudia yote. Amefundisha wahariri kumi na wanne, ambao watatu kati yao wako kwenye redio kubwa kuliko yetu na hawatupigii simu. Hajawahi kuchelewesha kipindi. Kila Krismasi alinihariria kwaya ya kanisa letu, akaijua sauti ya tatu kuliko wanaoiimba. Viazi karai alivyoniletea Ijumaa za miaka kumi na mmoja ndivyo vilivyoninenepesha hivi, na daktari wangu anamfahamu kwa jina. Kamati ilitaka kumpa saa ya ukutani. Niliwakumbusha Ramadhani ya 2023, wakaacha. Tutampa kisanduku kidogo cha kuchezea sauti, chenye vipindi vyote mia sita na kumi na viwili, vilivyokatwa na vibichi. Fairuz amekitengeneza kwa mkono wake. Hakiombi ruhusa ya kampuni yoyote, na hakijali leo ni tarehe ngapi.

Limebaki moja ambalo Bwana Gaffar hajaambiwa. Analisoma hapa pamoja nanyi.

Wiki iliyopita nilikwenda Kibokoni kuomba idhini ya kurusha sauti ya Bi Mwanaesha. Nilimkuta mjukuu wake, Fadhiya, ambaye sasa ndiye mwenye nyumba, na kofia iliyofikia nusu mapajani mwake. Alisikiliza swali la bibi yake, na kimya kile, hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba bibi, mpaka mwaka aliokufa, kila Jumatano baada ya alasiri alikuwa akiuliza kama yule bwana wa redio amepata wa kusema naye. Wao wakidhani bibi anaanza kusahau mambo. Idhini ameitoa. Na nilipokuwa nikivaa viatu mlangoni, akanipa maneno ya kukuletea, Bwana Gaffar, nami nayaleta bila kukata kitu:

"Mwambie Ami Gaffar nyumba ni ile ile, na alasiri birika liko motoni."

Basi nenda. Usichukue kinasa sauti. Ukitoka huko, kiti chako huku juu sijakitoa, na kikombe cha pili nimenunua. Redio Ndia Kuu inakushukuru kwa miaka ishirini na sita ya masikio yako. Tunakutakia afya, umri, na jioni zenye watu.